Mabati, tanki na gata: sacco, chama au lipa pole pole?

Fundi alishuka kwenye ngazi, akapangusa mikono kwenye suruali, akaniambia, "Mama Chebet, hapa hakuna kuziba tena. Nikikanyaga tu, msumari unatoka na kipande cha bati." Akanikabidhi kipande chenyewe. Kilikuwa chembamba kama jani kavu la mgomba, na nilipokiinua juani niliona mwanga ukipita kwenye vitundu. Nyumba yetu ni ya vyumba vitatu, hapa Kiamunyi, Nakuru, na mabati hayo yalipigwa na baba mkwe wangu akiwa bado na nguvu za kupanda paa mwenyewe.

Hesabu aliyonipa fundi ilikuwa hivi. Mabati ya geji 28, mbao zilizooza za kubadilishwa na ufundi wake: shilingi 120,000. Tanki la lita 5,000 pamoja na msingi wa mawe wa kulikalisha: 45,000. Gata za pande mbili na mabomba ya kushusha maji: 18,000. Jumla 183,000. Nyumba yako si yangu, kwa hivyo bei zako hazitakuwa hizi, ila njia za kulipa ni zile zile.

Mimi nauza mitumba Top Market. Pesa naiona kila siku, lakini hakuna siku mbili zinazofanana. Mume wangu ni mwalimu, mshahara wake unaingia mwisho wa mwezi, hauna mbwembwe. Nayataja haya mapema kwa sababu njia iliyomfaa yeye si iliyonifaa mimi, na ndiyo maana tuliishia kuitumia zaidi ya moja.

Kwanza, kitu chenyewe kinakatika?

Watu wengi huanza na riba. Mimi niliona nianze na kitu chenyewe. Paa halikatiki. Huwezi kuezeka nusu ya nyumba mwezi wa tatu ukangoja nusu nyingine mwezi wa nane, mvua ya masika haitakungoja. Paa linataka pesa yote siku moja. Gata zinakatika: leo upande wa sebuleni, baadaye upande wa jikoni. Tanki halikatiki, lakini linaweza kungoja, kwa sababu bila tanki tutaendelea na mitungi na mapipa kama tulivyofanya miaka yote.

Na kuna utaratibu ambao pesa haiwezi kuubadilisha. Ukiweka tanki chini ya mabati yenye kutu, unakusanya kutu. Kwa hivyo ni mabati, kisha angalau gata moja, kisha tanki. Anayeanza na tanki kwa sababu amelipata kwa ofa atakuwa na pipa kubwa jeusi la kuwekea vumbi.

Mgeni anaweza kuuliza kwa nini tunahangaika na tanki ilhali kuna visima. Ni meno. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeweka kuwa mpaka, na mtoto akiyanywa miaka ile ambayo meno yanaumbika, yanatoka na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wowote. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Paa letu ni kama mita 9 kwa 8, yaani mita 72 za mraba, na kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 10, ya kawaida tu mwezi wa nne, ni lita 720, toa kidogo kwa yanayomwagika. Mvua nane za namna hiyo na tanki linafurika.

Swali la pili: je, mwenye mali anaweza kuja kukichukua usipolipa? Tanki linabebeka. Pampu inabebeka. Paneli za sola zinabebeka. Mabati yakishapigiliwa misumari, nani atapanda kuyang'oa, na akiyang'oa atamuuzia nani yakiwa na matundu? Ndiyo maana utaona matangazo ya matanki na sola za kulipia kidogo kidogo huku ukivitumia, lakini ni nadra sana kukutana na mwenye hadiwea anayekupa mabati au simiti kwa masharti hayo, labda uwe ndugu yake.

Sacco, na yule jamaa wa "asilimia moja tu"

Kwa lile paa la 120,000 tulikuwa na milango miwili ya kweli: sacco ya mume wangu, na mkopeshaji mmoja wa mjini ambaye ajenti wake alitufuata mpaka nyumbani. Wote wawili walisema "asilimia moja kwa mwezi". Wote wawili walisema miezi 24. Na mwezi wa kwanza, kwa wote wawili, tungelipa 6,200. Ajenti alipoona nimeziandika sambamba kwenye karatasi alitabasamu: "Si unaona mama, ni kitu kimoja. Na sisi hatuulizi wadhamini."

Si kitu kimoja. Sacco inatoza riba kwenye salio linalobaki. Unarudisha 5,000 ya mkopo kila mwezi, na riba inashuka nayo: mwezi wa kwanza 1,200, wa pili 1,150, na kuendelea. Mwezi wa 12 unalipa 5,650. Mwezi wa 24 unalipa 5,050. Riba yote ukiijumlisha ni 15,000. (Sacco nyingine hupenda kukata kiasi kile kile kila mwezi, hapo inakuwa karibu 5,650 mwanzo hadi mwisho, na riba yote karibu 15,600. Tofauti ni ndogo.)

Yule jamaa anatoza riba kwenye mkopo wa kwanza, kana kwamba hujarudisha hata senti. Mwezi wa kwanza 6,200, mwezi wa 12 6,200, mwezi wa 24, ukiwa umebakisha deni la 5,000 peke yake, bado 6,200. Riba yote: 28,800. Karibu mara mbili, na maneno yaliyotamkwa ni yale yale, "asilimia moja". Nilimuuliza ajenti, nikipata pesa nikamaliza mwezi wa 15, utanipunguzia? Akasema riba imeshapangwa. Kwa sacco, ukimaliza mapema, riba ya miezi iliyobaki haipo.

Kwa hivyo ukikaa mbele ya mkopeshaji yeyote, awe benki au nani, usiulize asilimia. Uliza: mwezi wa mwisho nitalipa ngapi? Halafu uliza: nikiomba 120,000, kwenye akaunti itaingia ngapi? Kuna ada ya kushughulikia mkopo na bima zinazokatwa kabla hujaiona pesa, na unaweza kujikuta fundi anadai 120,000 nawe umepokea 113,000.

Sasa, sacco nayo si mama yako. Kwanza, kwa kawaida inakukopesha mara tatu ya akiba yako, na kwa 120,000 lazima uwe na 40,000 ndani. Anayeweka 2,000 kwa mwezi anahitaji miezi 20 kufika hapo. Kama hujajiunga na paa linavuja leo, sacco haikusaidii msimu huu. Pili, akiba ile huitoi ukitaka. Ili kuipata ni lazima ujiondoe uanachama, na kuna notisi, mara nyingi siku 60. Tatu, huku ukilipa mkopo bado unaendelea kuweka akiba, kwa hivyo kinachotoka mfukoni si 6,200 bali 8,200. Hilo la tatu wengi hulisahau, halafu mwezi wa pili wanashangaa.

Na kuna wadhamini. Walimu wenzake watatu walitia sahihi. Kumdhamini mtu si kumsifu tu kwamba ni mtu mwema, ni kuweka akiba yako mwenyewe nyuma ya deni lake, na akishindwa, wewe ndiye unayekatwa. Mmoja wa hao watatu alikuwa bado ana kovu. Alimdhamini mtu aliyehama kazi, akakatwa miaka miwili. Alimtilia mume wangu sahihi baada ya kumwambia, mbele yangu, "Mwalimu, nakuwekea sahihi, lakini ukihama Nakuru nitahamia kwako." Tulicheka, ila si sana.

Kwa mwenye mshahara kuna jambo jingine. Sheria ya Ajira ya 2007 inazuia makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kama tayari una mkopo wa benki unaokatwa kwenye paisilipu, huenda nafasi imeisha hata kama akiba yako inatosha. Angalia hilo kabla ya kuanza kutafuta watu wa kukutilia sahihi. Na kama sacco yako ni ya kuchukua amana, angalia kama imo kwenye orodha ya zilizopewa leseni na SASRA, mamlaka inayosimamia sacco, orodha ambayo hutolewa kila mwaka.

Chama: bei rahisi kuliko zote, kama namba yako ni nzuri

Chama chetu cha sokoni tuko akina mama 15. Kila mmoja 3,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anabeba 45,000. Hakuna riba. Kwa bahati, 45,000 ndiyo ile ile bei ya tanki.

Lakini fikiria kuhusu namba. Aliyebeba mwezi wa kwanza amekopeshwa na wenzake bila riba kwa miezi 14. Wa mwezi wa 15 hakukopeshwa chochote, alikuwa anaweka akiba, tena pasipo faida, mikononi mwa watu walioshabeba. Wote wanasema wako kwenye chama kimoja, kumbe mmoja yuko kwenye mkopo na mwingine yuko kwenye kibubu. Ukipata namba ya mwisho na bei ya tanki ikapanda katikati, 45,000 yako itakuwa fupi.

Sisi hupiga kura kwa vikaratasi, lakini kubadilishana namba kunaruhusiwa ikiwa wote wawili wanakubali mbele ya kikao. Nilipata namba 11. Nikamwendea rafiki yangu wa namba 5, naye alikuwa hana haraka, karo ya mtoto wake ni ya Januari. Tukabadilishana. Hiyo ndiyo faida ambayo huipati benki: unaweza kuongea.

Hatari yake unaijua. Mtu anabeba mapema kisha simu inazimwa. Dawa tuliyonayo ni kwamba wapya hubeba mwisho, na kila mmoja ana mwenzake wa kumjibia. Haizuii kila kitu. Usipange kumlipa fundi aliyeanza kazi kwa pesa ya chama ambayo bado haijafika mezani, kwa sababu akina mama wawili wakichelewa, wewe ndiwe utakayetukanwa na fundi.

Vyama vya kukopeshana, vile ambavyo mfuko unakua kwa riba ya wanachama, ni habari tofauti. Riba ya 10% kwa mwezi ni kitu cha kawaida humo. Kwa kununulia bidhaa ya kuuza wiki hiyo, sawa. Kwa paa, hapana.

Lipa pole pole: ni mbili, usizichanganye

Kuna ile ya kulipa kidogo kidogo hadi umalize ndipo uchukue bidhaa. Na kuna ile ya kutoa malipo ya kwanza, ukabeba bidhaa nyumbani, ukaendelea kulipa. Watu huziita zote lipa pole pole, lakini moja ni wewe unamkopesha mwenye duka, nyingine ni mwenye duka anakukopesha wewe.

Ya kwanza niliwahi kuumia nayo, na tanki tena, lile dogo la lita 1,000 tulilotaka kuweka jikoni miaka michache iliyopita. Nilikuwa napita hadiwea moja jioni nikitoka sokoni, naacha 200, siku nyingine 500. Mwenye duka alikuwa na daftari la kurasa 96, jina langu ukurasa mzima, tarehe na kiasi, sahihi yake na yangu. Nilipopeleka ya mwisho akaniambia bei imepanda, niongeze 1,800. Nikafungua daftari. Kila kitu kilikuwemo isipokuwa viwili: bei tuliyokubaliana, na aina ya tanki. Juu kabisa alikuwa ameandika "Mama Chebet, tanki". Basi. Nililipa ile 1,800, maana kurudishiwa pesa alisema ni mpaka mwisho wa mwezi.

Sasa nikitumia njia hii, mstari wa kwanza unaandikwa mimi nikiangalia: bidhaa gani, ukubwa, geji kama ni mabati, bei, tarehe ambayo bei hiyo inakoma, na nikiacha nitarudishiwa kiasi gani. Mwenye duka mwaminifu haoni shida. Na hata hapo siachi kiasi kikubwa. Duka likifungwa, wewe ni mdai kama wadai wengine. Kwa gata njia hii inafaa sana, kwa sababu kiasi ni kidogo na mtu wa soko anaacha 300 jioni bila kuisikia.

Ile ya pili, ya kubeba kwanza, ina gharama iliyofichwa kwenye bei. Chukua bei ya kulipa taslimu, chukua malipo ya kwanza pamoja na awamu zote, toa. Tofauti ndiyo riba, hata kama hakuna aliyelitaja neno hilo. Kwa mkataba wa namna hii mali bado ni ya muuzaji hadi shilingi ya mwisho, lakini kuna jambo ambalo wanunuzi wachache wanalijua: Sheria ya Kenya ya ununuzi wa awamu, sura ya 507, inasema ukishalipa theluthi mbili za bei ya mkataba, muuzaji hawezi kuja tu na pikapu kuchukua bidhaa. Lazima aende mahakamani. Kwa tanki la awamu za jumla ya 54,000, theluthi mbili ni 36,000. Weka risiti zako zote, hata zile za M-Pesa, usizifute.

Sola za kulipia kila siku kwa simu, kama zile ambazo M-KOPA ilianza kuuza nchini 2012, ziko katika familia hii, tofauti ni kwamba badala ya pikapu kuna kufuli: usipolipa, kifaa kinazimika. Kwangu mimi mtu wa kipato cha kila siku huo ni mpango mzuri kuliko makato ya mwisho wa mwezi. Hauna aibu ya kugongewa mlango. Ila jumla ya siku zote ukiipiga, bei ni ndefu.

Simu

Hapa sitakawia. M-Shwari, huduma ya mikopo ndani ya M-Pesa ambayo imekuwepo tangu 2012, inatoza ada ya 7.5% kwa siku 30, na kodi juu yake. Kwa 10,000 ni 750. Ukikopa, ukalipa, ukakopa tena kila mwezi kwa mwaka, umetoa 9,000 kwa kuzungusha 10,000 ile ile. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa 30 Novemba 2022, ni nafuu mno, 8% kwa mwaka, lakini mkopo wake wa kawaida wa mtu binafsi ni wa siku 14. Hakuna paa linalolipika kwa siku 14.

Simu ina kazi moja kwenye ujenzi: fundi yuko juu, misumari imeisha, na pesa yako inaingia Ijumaa. Programu nyingine za mikopo ambazo hazina leseni ya Benki Kuu, hata misumari usinunue nazo. Shailoki, yule mkopeshaji wa mtaani wa riba kali, vivyo hivyo.

Na hati ya shamba?

Jirani alinishauri tuweke hati benki tupate pesa kubwa tumalize kila kitu pamoja na vigae. Kuna mahali hilo lina maana, kwa mfano kama unajenga vyumba vya kupangisha vitakavyolipa mkopo wenyewe. Kwa paa la nyumba unayolala, sioni. Gharama za wakili, za kuthaminisha na za kusajili haziangalii kama mkopo ni mdogo. Tena Nakuru hii wengi wetu mashamba yalitoka kwa kampuni za kununua ardhi, na tulicho nacho ni cheti cha hisa cha mzee, si hati, benki haitakisoma. Kama hati ipo na mko kwenye ndoa, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mwenzako anayeishi humo atie sahihi pia. Akina mama wenzangu, sahihi hiyo ni yako, usiitoe ukiwa umesimama jikoni.

Tulivyofanya

Paa lilienda kwa sacco, kwa jina la mume wangu, kwa sababu linataka pesa ya mkupuo na yeye ana mshahara wa kukatwa. Kama angekuwa hana akiba ya 40,000, tungejiunga na sacco na kutandika turubai hadi akiba ifike, badala ya kumpigia yule ajenti. Najua turubai ni aibu kwa wageni. 13,800 za tofauti ya riba ni zaidi ya robo tatu ya bei ya gata za pande zote mbili.

Gata ya upande wa sebuleni nililipia hadiwea kwa 300 na 500 za jioni, safari hii mstari wa kwanza wa daftari nikiuandika kwa mkono wangu. Tanki linangoja zamu yangu ya chama, ile namba 5, na msingi wake wa mawe fundi ameshaujenga. Upande wa jikoni bado hauna gata. Kwa sasa mvua ikinyesha, Chebet anapanga ndoo tatu chini ya ukingo wa bati jipya, na maji yanayoingia humo ni meupe.